Kabla ya kununua dilei, hesabu mapigo ya wimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongezee neno kwenye makala ya ukurasa wa burudani iliyowashauri vijana wapiga gitaa watafute pedali ya dilei ya analojia na waachane na za dijitali, kwa kuwa eti sauti ya dijitali imepooza. Mwandishi hakudanganya, ila ameezeka paa kabla ya kusimamisha kuta. Analojia (inayopitisha sauti kama umeme) au dijitali (inayoigeuza kuwa namba) ni swali la mwisho. La kwanza ni wimbo unakwenda mapigo mangapi kwa dakika, na la pili ni magitaa mangapi yamesimama jukwaani. Ukishajibu hayo mawili, nusu ya pedali zilizopangwa dukani zinajiondoa zenyewe.

Kwa msomaji asiyepiga gitaa: dilei ni kiboksi kinachokaa mguuni, kati ya gitaa na amplifaya. Kinachukua noti uliyopiga, kinaishikilia kidogo, kisha kinaitoa tena nyuma ya ile ya kwanza kama mwangwi. Karibu zote zina nobu tatu, yaani vitufe vya kuzungusha. Moja inapanga noti ikae muda gani kabla ya kurudi, ya pili inapanga irudi mara ngapi, ya tatu inapanga mwangwi uwe mkubwa kiasi gani ukilinganisha na sauti ya gitaa lenyewe. Majina yaliyoandikwa juu hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, kazi ni zilezile. Nobu ya marudio ndiyo inayowatisha wageni. Kinachofanyika ndani ni kwamba sehemu ya mwangwi inarudishwa mlangoni ilikoingilia. Ukizidisha, kila rudio linatoka kubwa kuliko lililotangulia na pedali inaanza kupiga mayowe hata kama umeziba nyuzi zote kwa kiganja. Haijaharibika, punguza nobu.

Tuje kwenye hesabu. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja, utapata pigo moja lina milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) ngapi. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kwa pigo. Nusu pigo ni 250. Robo tatu ya pigo ni 375, na hii ndiyo sauti ambayo wapigaji wengi wa vikundi vya kusifu na kuabudu wanaitafuta bila kujua inatoka wapi. Ukipiga noti mbili kwa kila pigo, zikifuatana sawasawa, mwangwi wa robo tatu unaangukia kwenye mapengo yaliyo katikati ya noti zako, na msikilizaji anadhani vidole vinakimbia mara mbili. The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2, amejijengea jina kwa ujanja huo, na mtu akimzimia dilei yake katikati ya wimbo utashangaa jinsi anachopiga kwa mkono kilivyo kichache.

Sasa chukua wimbo wa kuabudu wa taratibu, mapigo 72. Pigo moja ni milisekunde 833, robo tatu yake ni 625. MXR Carbon Copy, analojia inayosifiwa sana na kwa haki, inaishia 600. Boss DM-2 ya mwaka 1981, ambayo watu wanaisaka mpaka leo, inaishia 300. Toleo lake la mwaka 2014, DM-2W, limewekewa swichi inayoifikisha 800. Lakini Boss DD-2, pedali ya dijitali, ilishafika 800 tangu mwaka 1983, na DD-8 ya mwaka 2019 inafika sekunde 10. Kijana wa kwaya aliyeambiwa analojia ndiyo pekee yenye sauti ya kweli anaweza kurudi nyumbani na pedali nzuri mno ambayo haifiki kwenye wimbo wake. Wala asidanganyike upande wa pili: sekunde 10 zinatosha kusali nusu ya Baba Yetu. Hakuna mwangwi wa gitaa unaohitaji muda huo, kwa hiyo namba kubwa kwenye boksi isimtoe fedha.

Kinachostahili fedha yake ni swichi ya kugonga tempo. Unaigonga kwa mguu mara tatu au nne kufuata ngoma, pedali inapiga hesabu yenyewe. Bendi isiyopiga kwa mashine ya mapigo haibaki kwenye kasi moja. Wimbo ulioanza na 130 ukichemka unafika 134 bila mtu kujua. Dilei iliyopangwa robo tatu ya 130 inakaa kwenye milisekunde 346, ilhali wimbo sasa unataka 336. Tofauti ya 10 si kitu kwa rudio la kwanza, ila rudio la tatu limeshachelewa kwa 31, na hapo mpiga ngoma anaanza kukuangalia vibaya. Kama pedali yako haina swichi hiyo, dawa ni kushusha marudio yabaki moja au mawili, yanyamaze kabla kosa halijaonekana.

Bendi ya dansi ni jambo lingine kabisa, na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na makala ile. Katika sebene la mapigo 130, solo akipiga noti nne kwa kila pigo, noti mpya inaingia kila baada ya milisekunde 115. Mpe dilei ya 400 yenye mwangwi mkubwa: noti inaporudi, vidole vimeshapita noti tatu mbele, pengine na kodi (kundi la noti zinazopigwa pamoja) imeshabadilika, na pembeni gitaa la kati na la rithimu yanajaza nafasi ileile. Kinachosikika ni uji. Mpango wa magitaa matatu umeshajengwa kwa kujibizana, gitaa la kati ndilo mwangwi wa solo. Dilei inayofaa hapo ni fupi, kati ya 80 na 120, rudio moja tu, na kiwango cha chini kiasi kwamba mtu aliyekaa mbele hasemi ameisikia, ila ukiizima anahisi gitaa limekonda. Ukiiweka 115 kamili, kila rudio linaangukia chini ya noti inayofuata. Kwa kuwa solo la sebene huzungukia noti za kodi moja kwa muda mrefu, noti iliyopita na iliyopo zinapatana, na gitaa moja linasikika kama mawili. Kwa kazi hiyo pedali yoyote inayofika 300 inatosha, hata ya bei ya chini.

Wanaopiga chakacha na midundo mingine ya sita kwa nane waiache robo tatu. Pale kila pigo kubwa limegawanyika vipande vitatu, si vinne. Kwa mapigo makubwa 100 kwa dakika, pigo ni 600 na kipande ni 200, kwa hiyo dilei ikae 200 au 400. Ukiiweka 450 utakuwa unagombana na ngoma kuanzia kipande cha kwanza.

Haya, analojia. Chipu iliyomo ndani ilibuniwa Philips mwaka 1969 na Sangster na Teer, na inafanya kazi kama vibarua wanaopokezana karai za zege kupanda ghorofani. Sauti inakatwa vipande, kila kipande kinapokewa na kapasita moja (kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda) na kupewa inayofuata, mpaka kifike mwisho. MN3005 ya Panasonic, chipu maarufu kuliko zote, ina hatua 4,096. Ndani ya chipu moja hakuna njia ya kurefusha foleni hiyo, kwa hiyo ukitaka mwangwi uchelewe ni lazima vibarua wapokezane polepole. Muda ni idadi ya hatua kugawanya kwa mara mbili ya kasi ya kloki, yaani saa inayowapigia vibarua mwendo. Ukitaka milisekunde 300 kwa chipu moja, kloki inashuka mpaka karibu kilohezi 6.8 (mapigo 6,800 kwa sekunde), na sauti iliyo juu ya nusu ya hiyo, yaani 3.4, haiwezi kupita salama. Inabidi ichujwe, la sivyo inarudi kama mikwaruzo na mluzi. Noti za gitaa zenyewe zinapita, hata ile ya juu kabisa ina hezi 1,319 tu. Kinachobaki nje ni ule mng'ao wa waya na kijiti cha kupigia.

Hilo giza ndilo linaloitwa joto la analojia. Lina faida ya kweli: mwangwi mweusi unakaa nyuma ya sauti yako na haugombanii nafasi na mwimbaji. Lakini si siri ya kiwandani, ni chujio. Dijitali nyingi za leo zina nobu ya toni au mpangilio wa kuiga analojia, na ukikata trebo (sauti nyembamba za juu) ya mwangwi kwa kiasi hicho, jukwaani watu wachache watabahatisha ipi ni ipi. Tofauti inayobaki ni pale unapozungusha nobu ya muda huku mwangwi unalia. Analojia inavuta noti juu au chini kama kaseti inayosuasua, na baadhi ya dijitali zinakatika au kuruka. Kama unaupenda mchezo huo, nunua analojia kwa moyo mweupe.

Kuna kundi la tatu ambalo wauzaji hulichanganya makusudi au kwa kutojua. Viboksi vingi vidogo vya bei nafuu vina chipu ya PT2399 ya Taiwani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mwangwi wa karaoke. Hiyo ni dijitali, hata kama boksi limeandikwa vinginevyo. Jedwali la mtengenezaji linaonyesha kuwa kwenye milisekunde 31 sauti inaharibika kwa asilimia 0.13, na kwenye 342 inafika asilimia 1. Ukikuta kiboksi kinachodai 600 kwa chipu moja ya aina hiyo, tegemea marudio yenye changarawe. Si lazima iwe mbaya, ndani ya 300 ni pedali tamu sana kwa bei yake. Kwa wanaojitengenezea: muda unapangwa na rezista iliyo kwenye mguu wa 6, na ikiwa ndogo mno wakati umeme unawashwa, chipu inaganda na haitoi mwangwi. Weka rezista ya kudumu ya kilo-omu 2 mfululizo na nobu, tatizo litaisha.

Usinunue wala usipange dilei bila kufikiria ukumbi. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kanisa la bati na kuta za saruji lenye urefu wa mita 30 linakurudishia noti yako kutoka ukuta wa nyuma baada ya milisekunde 176, bure, bila pedali. Mazoezini chumbani ulipanga kiwango nobu ikielekea 12 ya uso wa saa. Jumapili ishushe mpaka ielekee 9 ya uso wa saa, yaani saa tatu yetu. Tena zungumza na fundi mitambo kabla ibada haijaanza, maana wengi huweka mwangwi wa mikisa kwenye kila chaneli, na mwangwi juu ya mwangwi hautengenezeki kwa pedali ya bei yoyote.

Mpangilio wa pedali ni mfupi kuueleza. Kompresa (inayosawazisha ukubwa wa sauti) na wawa (inayobadili toni kwa mguu) mbele, kisha ovadraivu au distoshoni (zinazokwaruza sauti), kisha dilei, na rivabu (mwangwi wa ukumbi) mwisho. Ukiweka distoshoni nyuma ya dilei, inayapandisha marudio yaliyokuwa yanafifia yawe sawa na noti ya kwanza, na yote yanasagwa pamoja. Kama distoshoni unayotumia ni ya ndani ya amplifaya, pedali iingie kwenye tundu za senda na ritani (za kutoa na kurudisha sauti) zilizo nyuma. Amplifaya ndogo nyingi hazina tundu hizo; basi acha amplifaya iwe safi na utumie distoshoni ya pedali.

Umeme ndio unaoua pedali nyingi kuliko kitu kingine, na makala haikuutaja hata mara moja. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta ya ruta ya intaneti nayo huweza kuwa na volti 9, na plagi inaingia vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba ya ruta huwa na chanya katikati. Ya kamera za ulinzi ni mbaya zaidi, volti 12 na chanya katikati. Ukiichomeka, kwenye pedali nyingi kuna dayodi ya ulinzi, kawaida 1N4001 au ndugu yake, ambayo inajitoa mhanga: inameza umeme uliogeuzwa, inapata moto, inaungana moja kwa moja. Pedali inakuwa kimya na adapta inakata. Usiitupe, fundi anaifungua, anang'oa dayodi hiyo, anaweka nyingine ya bei ya peremende, na mara nyingi inafufuka. Isiyo na dayodi kwa kawaida haifufuki.

Kabla hujachomeka adapta usiyoijua, chukua mita ya umeme, weka kwenye volti za DC, ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi na nyeusi kwa nje. Unachotaka kuona ni 9 yenye alama ya kutoa mbele yake. Ikisoma 9 bila alama, polariti imegeuka. Ikisoma 12 au 13 ilhali imeandikwa 9, hiyo ni adapta ya zamani ya transfoma isiyo na udhibiti. Pamoja na kuzidisha volti, italeta mngurumo. Miliampea hazina hatari kwa upande wa juu. Adapta ya ampea 2 haiunguzi pedali inayotaka 65, kwa sababu pedali huchukua inachohitaji tu. Hatari ni kuwa chache: baadhi ya dijitali kubwa zinataka 300, na adapta ya 200 itaifanya iwake, izime, iwake tena. Pia soma kama ni DC au AC. Line 6 DL4 ya mwaka 1999, ile ya kijani, inataka volti 9 za AC, na adapta ya kawaida ya pedali haiendani nayo.

Ukitumia adapta moja yenye waya wa matawi kulisha pedali zote, dilei ya dijitali inaweza kuleta mluzi mwembamba, hasa ukiwasha distoshoni. Prosesa yake inavuta umeme kwa mishtuko, na mishtuko hiyo inapita kwenye waya wa pamoja mpaka kwa wenzake. Itoe kwenye matawi uipe betri au adapta yake. Mluzi ukiondoka, umempata mchawi: mnunulie adapta ya peke yake au nunua kisanduku cha umeme chenye matundu yaliyotenganishwa. Kwa zinazoletwa kutoka Japani na adapta zake, geuza adapta usome mgongoni. Kule umeme ni volti 100, na ile isiyoandikwa mpaka 240 itaungua siku ya kwanza ukutani kwetu. Pedali itumie, adapta iache.

Dukani, usipige solo. Weka amplifaya safi, ziba nyuzi kwa mkono wa kushoto na upige mkwaruzo mmoja mkavu. Sikiliza rudio la kwanza, la pili, la tatu: yanafifia polepole au yanachafuka? Peleka nobu ya muda mpaka mwisho, acha kupiga, sikiliza kama kuna mluzi wa kloki. Washa na uzime mara kumi. Sauti ya gitaa isipungue ikiwa imezimwa, wala isipasue spika ikiwashwa. Angalia kama mwangwi unakatwa ghafla unapozima au unaachwa uishe wenyewe. Kwa nyimbo za taratibu unahitaji ule unaoisha wenyewe, kwani ukikatwa katikati ya sala kila mtu anageuka. Zungusha kila nobu taratibu, mikwaruzo maana yake vumbi au nobu iliyochoka. Tikisa jeki zote mbili huku noti inalia. Mwisho gonga tempo kwa wimbo wako mwenyewe, ule wa polepole kuliko zote mnazopiga, uone kama pedali inafika.

Fundi wa pedali na amplifaya,
Kariakoo, Dar es Salaam